Madhara ya selimundu machoni

Madhara ya selimundu machoni ni maradhi yanayoishambulia mishipa midogo ya jicho kwa watu waliorithi himoglobini S. Mishipa inayoumia zaidi ni ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na maradhi yake huitwa retinopathia ya selimundu. Huwapata zaidi vijana na watu wazima kuliko watoto wadogo, na kwa miaka mingi yanaweza kuendelea bila maumivu wala dalili yoyote.

Selimundu, au sikoseli kama wagonjwa wengi wanavyoiita, husababishwa na kasoro ndogo katika jeni ya beta-globini iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Himoglobini S inayotokana na kasoro hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana ikawa nyuzi ndefu. Chembe nyekundu za damu hukakamaa, hupinda na kuziba kapilari. Mtoto aliyerithi S kwa wazazi wote wawili huitwa SS. Aliyepata S kwa mmoja na himoglobini C kwa mwingine huitwa SC. Wapo pia wenye S pamoja na thalasemia ya beta. AS ni mbebaji tu, na kwa kawaida haugui.

Manjano ya macho, ambayo majirani huiona kwanza na kuitungia maelezo yao, haimo katika maradhi haya. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mgonjwa wa SS siku 10 hadi 20. Zinapovunjika kwa wingi hutoa bilirubini, nayo hutia weupe wa jicho rangi. Haipunguzi uoni hata kidogo. Kinachopofusha hakionekani kwa nje.

Uharibifu huanzia pembezoni mwa retina, mahali ambapo mishipa ni myembamba sana na ambapo hatupatumii kusomea wala kutambulia sura. Ndiyo maana mgonjwa hahisi kitu. Mwaka 1971 daktari wa macho wa Marekani, Morton Goldberg, alipanga safari ya ugonjwa huu katika hatua tano, na mpangilio wake unatumika hadi leo. Kwanza ateri ndogo za pembezoni huziba. Kisha damu hutafuta njia ya mkato kati ya ateri na vena. Hatua ya tatu ndiyo ya kuogopwa: eneo lililokosa damu hutoa kemikali za kuomba mishipa mipya, na mishipa hiyo huchipua mpakani, pale penye damu panapokutana na pasipo na damu. Huchanua kwa umbo linalofanana na pepeo za baharini, wale viumbe wa jamii ya matumbawe, na ndilo jina ambalo madaktari wameipa. Ni mishipa dhaifu, inayovuja. Ikipasuka damu humwagikia kwenye ute unaojaza jicho, nayo ni hatua ya nne. Mgonjwa huona madoa meusi yakielea, au giza la ghafla. Katika hatua ya tano makovu huivuta retina hadi ikabanduka.

Si kila jicho hufika huko. Mara nyingi pepeo hizo hujiziba na kukauka zenyewe, jambo ambalo ni nadra katika maradhi ya retina yatokanayo na kisukari.

Ajabu kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba anayeumwa zaidi mwilini siye anayeumia zaidi machoni. Mgonjwa wa SC hupata vipindi vichache vya maumivu, huongezewa damu mara chache, na wengine hugundulika ukubwani. Hata hivyo utafiti uliowafuatilia watoto wa Jamaica tangu kuzaliwa ulikuta kwamba kufikia umri wa miaka 26, asilimia 43 ya wenye SC walikuwa na mishipa mipya kwenye retina, dhidi ya asilimia 14 ya wenye SS. Sababu inayotajwa zaidi ni uzito wa damu: mwenye SC hana upungufu mkubwa wa damu, kwa hiyo damu yake ni nzito na hupita kwa shida katika mishipa myembamba.

Himoglobini C ni ya Afrika Magharibi, hasa Burkina Faso na kaskazini mwa Ghana. Tanzania, Uganda na Kongo wagonjwa karibu wote ni SS. Hilo lisitufariji kupita kiasi. Tanzania pekee hukadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, na kadiri penisilini, chanjo na dawa ya haidroksiyurea zinavyowavusha utotoni, ndivyo wengi wao watakavyofikia umri ambao retina huanza kuharibika.

Zipo alama nyingine ambazo daktari huziona: madoa ya damu iliyopauka, makovu meusi, na mishipa iliyokatika vipandevipande kwenye utando wa weupe wa jicho. Hizo peke yake haziondoi uoni. Kuziba kwa ateri kuu ya retina ni nadra, lakini humnyima mtu uoni ghafla bila maumivu, na huhitaji hospitali saa hiyohiyo.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unapendekeza uchunguzi wa macho kuanzia umri wa miaka 10, kisha kila mwaka mmoja hadi miwili. Lazima mboni zitanuliwe kwa matone, kwani anayechungulia katikati tu atakosa ugonjwa ulio pembezoni. Kusoma herufi ukutani hakutoshi: mwenye hatua ya tatu anaweza kuzisoma zote. Tiba kuu ya mishipa mipya ni leza, inayochomwa kwenye eneo lililokosa damu ili liache kuiita. Damu isiyoondoka ndani ya jicho na retina iliyobanduka hutibiwa kwa upasuaji.

Hatari nyingine humfikia hata mbebaji wa AS. Jicho likipigwa kwa mpira au ngumi, damu inaweza kukusanyika mbele ya mboni. Majimaji ya hapo yana oksijeni kidogo. Chembe hupinda, huziba njia ya kutolea maji, na presha ya jicho hupanda. Mshipa wa fahamu wa jicho la mtu wa S huharibika kwa presha ambayo wengine huihimili, kiasi kwamba presha ya milimita 24 za zebaki ikidumu saa 24 madaktari hufikiria upasuaji. Asetazolamaidi, dawa ya kawaida ya kushusha presha ya jicho, huongeza asidi mwilini na inaweza kuzidisha kupinda kwa chembe. Kwa hiyo aliyepigwa jicho na kutoka damu ndani yake apimwe himoglobini S kabla ya kupewa dawa hiyo, hata kama hajawahi kuugua.