Mrututu: Kutoka Maji ya Machimbo Hadi Mlango wa Zaka

 

Ndugu msomaji, anayesoma mlango wa zaka ya madini hukutana na orodha ndefu: dhahabu, fedha, shaba, chuma, yakuti, wanja, na neno moja ambalo wengi hulipita bila kuuliza, nalo ni zaji. Zaji ni jina la jumla la chumvi za madini. Ile ya bluu, ambayo ndani yake mna shaba, ndiyo tunayoiita mrututu. Asiyejua inavyopatikana hataona kwa nini maulamaa walitofautiana katika hukumu yake.

Maji yanayobeba shaba

Mawe mengi ya shaba yamechanganyika na kiberiti. Yakipigwa na hewa na maji kwa muda mrefu, kiberiti hugeuka kuwa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha shaba. Maji yanayotiririka kutoka humo huwa ya bluu au ya kijani. Ukiyapunguza kwa jua au kwa moto, kisha ukayaacha yapoe, hayawezi tena kubeba yote yaliyomo. Kinachozidi hujitenga na kuganda kikawa fuwele. Katika mrututu safi, takriban robo ya uzito ni shaba. Lakini mara nyingi maji hayo hubeba chuma pia, na fuwele zake hutoka za kijani.

Walichoandika watu wa kale

Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, ameeleza kuwa huko Hispania maji ya namna hiyo yalichemshwa, yakamiminwa katika mapipa ya mbao, kisha zikaning'inizwa kamba zilizofungiwa mawe. Fuwele zilishika kwenye kamba mfano wa vichala vya zabibu.

Tabibu Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alifika mwenyewe kwenye machimbo ya Soli katika kisiwa cha Kupro mnamo mwaka 166. Aliona maji ya kijani yenye uvuguvugu yakidondoka ndani ya pango. Watumwa waliokuwa uchi waliyabeba kwa mitungi na kutoka mbio, kwa kuwa joto na harufu viliwakaba pumzi, na taa zilizowekwa njiani hazikukaa ila zilizimika. Maji yalimiminwa katika mabirika ya pembe nne, na baada ya siku chache yakaganda kuwa zaji.

Elimu hii mikononi mwa Waislamu

Vitabu vya Galen vilipofasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika zama za Hunayn bin Ishaq, habari za zaji ziliingia katika elimu ya Waislamu. Abu Bakr al-Razi (aliyefariki 313 Hijria/925) alizifanya zaji kuwa fungu lake peke yake miongoni mwa mafungu sita ya madini, akazitenga na chumvi za kawaida. Ibn Sina (aliyefariki 428/1037) alieleza kuwa sehemu yake ya chumvi huyeyuka, hupata nguvu ya chuma au ya shaba, kisha huganda: ya chuma ikawa nyekundu au manjano, na ya shaba ikawa ya kijani.

Hukumu ya zaka

Hapa ndipo mafaqihi walipotofautiana. Kwa Shafii na Malik, zaka ya madini ni katika dhahabu na fedha tu. Kwa hiyo achimbaye zaji hana zaka ya madini juu yake.

Kwa Hanafi, kipimo ni moto: kinachoyeyuka na kukubali kufuliwa, kama shaba na chuma, hutolewa khumsi, yaani moja ya tano. Mrututu ukitiwa motoni hutoa maji yake na kubaki unga mweupe, haufuliki. Basi shaba ya mlima mmoja ikitoka kama chuma cha kufuliwa ina khumsi, na ikitoka kama fuwele, kwa kipimo hicho, haina.

Kwa Hanbali, Ibn Qudama (aliyefariki 620/1223) ameitaja zaji kwa jina miongoni mwa madini yanayotolewa zaka, nayo ni robo ya fungu la kumi (2.5%), thamani ikifikia nisabu. Hutolewa baada ya kusafishwa, wala gharama za kuchimba hazipunguzwi.

Ama mfanyabiashara aliyenunua mrututu ili auuze, huyo yumo katika zaka ya biashara.

Nani mwenye haki nayo?

Abyad bin Hammal (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) chumvi ya Ma'rib huko Yemen, akapewa. Ilipoelezwa kuwa ni kama maji yasiyokatika, aichukue kila afikaye, Mtume (S.A.W.) aliirudisha. Lakini Bilal bin al-Harith (R.A.) alipewa machimbo ya Qabaliyya. Kutokana na habari hizi maulamaa, akiwemo al-Mawardi (aliyefariki 450/1058), waligawa madini ya dhahiri, ambayo ni ya watu wote, na madini ya ndani, yasiyopatikana ila kwa kazi.

Zaji imesimama kati ya mafungu hayo mawili. Ukisimama kwenye birika, utaona chumvi inayoganda yenyewe kama ile ya Ma'rib. Ukiingia pangoni na wale wabeba mitungi, utaona kuwa bila jasho lao birika lingekuwa tupu. Kwa maoni ya mwandishi, zaji ya machimbo ni karibu zaidi na madini ya ndani, na anayeulizwa hukumu yake asitazame fuwele peke yake. Kwanza aulize: maji haya yametoka wapi, na nani aliyeyabeba?

Wallahu a'lam.