Masasi: miaka 150 ya kituo cha njiani

Dayosisi ya Masasi ya Kanisa Anglikana ina tarehe mbili za kuzaliwa. Ya kwanza ni 1876, mwaka ambao Askofu Edward Steere aliwafikisha chini ya vilima vya mawe vya Masasi watu waliokombolewa utumwani, nao wakajenga kijiji. Ya pili ni 1926, mwaka ambao sehemu hiyo ya kusini ilikatwa kutoka Dayosisi ya Zanzibar na kupewa askofu wake. Tarehe hizo zimepishana nusu karne kamili, na ndiyo sababu mwaka 2026 umebeba yubile mbili kwa mpigo: miaka 150 ya misheni na miaka 100 ya dayosisi. Katika yubile za namna hii orodha ya maaskofu ndiyo hutangulia. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haielezi jinsi taasisi iliyovamiwa, kuchomwa moto na kubaki bila wamisionari wake wa Kizungu ilivyoendelea kuwapo.

Asili yake iko mbali na Masasi. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake UMCA, ilitokana na wito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Jaribio la kwanza, Magomero kusini mwa Ziwa Nyasa, liliishia makaburini. Askofu Charles Mackenzie alifariki Januari 1862, mwaka mmoja tu tangu aanze kazi. Mrithi wake, William Tozer, alihamishia makao Unguja mwaka 1864, akiwa pamoja na Steere. Huko Unguja Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii hata akatoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1870, na soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 akasimamia ujenzi wa kanisa kuu mahali lilipokuwa.

Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watu walioshushwa walikabidhiwa misheni. Waliitwa mateka, wakapewa makazi katika shamba la misheni la Mbweni. Wengi wao walikuwa wametoka bara ya kusini, Wayao, Wamakua na Wanyasa, na Unguja hawakuwa na ukoo wala kiambo. Steere aliona kuwa watu hao warudishwe kwao, na wakisharudi wawe mbegu ya Ukristo huko.

Msafara uliondoka Unguja Oktoba 1876. Wakoloni hao weusi, kama neno hilo linaruhusiwa kwa watu wanaorudi kwao, walikuwa zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake. Walishuka Lindi, wakafuata bonde la mto Lukuledi kuelekea magharibi, pamoja na askofu na kijana wake William Percival Johnson. Shabaha ilikuwa Ziwa Nyasa. Masasi ilikuwa njiani tu.

Lakini walipofika chini ya vilima vile, msafara ulisita. Anayeingia Masasi hata leo anaviona kabla ya kuuona mji: mawe makubwa ya kijivu yaliyosimama wima katikati ya nchi tambarare, Mtandi, Mkomaindo, Mkwera na Chironji. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye mawe na kuzama katika udongo ulio chini yake, na udongo huo hushika unyevu kuliko nchi ya jirani. Palikuwa na maji, palikuwa na ardhi ya kulima, na wenyeji, Wamakua na Wayao, hawakuwafukuza. Watu wa Mbweni waliridhika na mahali hapo, naye Steere akakubali. Uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya dayosisi, yaani wapi iwe, ulifanywa kwa sehemu kubwa na watu waliokwisha kuchoka kuhamishwa.

Kijiji kilikua haraka, na matatizo nayo yakakua. Padri Chauncy Maples na wenzake walijikuta wakifanya kazi ambayo hawakuisomea: kugawa mashamba, kuamua kesi za wizi na za ndoa, na kuwaadhibu wakosaji. Kwa majirani, mkuu wa misheni alikuwa jumbe kama majumbe wengine, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kengele. Hali hiyo iliwasumbua hata wakuu wa UMCA wenyewe, na baadaye walijitahidi kuachana na mtindo wa misheni kuwa mji wenye dola yake.

Kabla suala hilo halijatatuliwa, lilikuja jingine. Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882. Septemba, Wangoni kutoka upande wa Songea, ambao watu wa Masasi waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka kwa mara ya pili katika maisha yao. Baadhi yao walikombolewa baadaye; wengine hawakuonekana tena.

Mwaka 1883 misheni ilihamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Wayao wa huko. Uwanda huo una usalama wake na shida yake, na vyote viwili vina chanzo kimoja. Juu ni nchi ya mchanga iliyofunikwa vichaka vizito, na Wamakonde walikuwa wamevitumia vichaka hivyo kama ngome dhidi ya wakamata watumwa. Lakini mchanga haushiki maji. Mvua inazama moja kwa moja na kutokea chini, kwenye chemchemi za mabondeni, kwa hiyo aliyetaka kuishi salama ilimpasa kuteremka genge kila siku na mtungi, kisha kupanda nao kichwani. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, aliikuta kazi hiyo ikifanywa na wanawake na akaiandika. Misheni nayo iliishi kwa maji ya wanawake hao, jambo ambalo hotuba za yubile mara nyingi hulipita bila kulitaja.

Katika miaka hiyo kazi ilianza kupita mikononi mwa Waafrika. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka jahazini, akasomeshwa Kiungani, shule ya misheni huko Unguja, na kwa muda Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kwenye nchi ya Wayao kando ya uwanda, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kufikia daraja hilo. Kwa miaka kama kumi aliongoza Chitangali bila Mzungu wa kumsimamia kila siku. Mkuu wa mahali, Nakaam, alibatizwa kwa jina la Barnaba, na kituo kikawa miongoni mwa vituo vilivyostawi kuliko vyote vya kusini. Habari za vituo hivi zilisomwa Unguja katika gazeti la Msimulizi, lililoanza kuchapwa Kiungani mwaka 1888 na kuandikwa kwa Kiswahili. Wanafunzi na walimu walioko bara walipeleka barua za mavuno, misiba, safari na ubatizo. Kwa msomaji wa leo, kurasa hizo ni kati ya maandishi ya kwanza ya Kiswahili kuchapwa ya watu wa Masasi na Newala kuhusu nchi yao.

Moto wa pili uliwaka mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilipofika bonde la Lukuledi, vituo vya Wabenedikto wa Kijerumani vya Nyangao na Lukuledi viliharibiwa, na Masasi ya Waingereza, ambako misheni ilikuwa imekwisha kurudi, ikachomwa vilevile. Wamisionari walikimbilia Lindi. Wapiganaji hawakuwa na sababu ya kupambanua Mzungu na Mzungu. Baada ya vita Wabenedikto walianza upya Ndanda mwaka 1906, na Waanglikana wakarudi chini ya Mtandi, ambako kanisa kuu lao lilijengwa kwa mawe. Tangu hapo Ndanda na Masasi zimekuwa jirani wa kushindana na kusaidiana.

Vita Kuu vya Kwanza vilikuja na jaribu la tatu. Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza na kuwaweka kizuizini hadi Tabora ilipotekwa Septemba 1916. Mapadri na walimu Waafrika walishukiwa kuwa wapelelezi, na baadhi yao wakafungwa. Makanisa yaliyoweza kuendelea na ibada yaliendelezwa na Waafrika waliobaki. Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Newala likirudi nyuma, likavuka mto Ruvuma tarehe 25 na kuingia Msumbiji, likiacha nyuma njaa na vijiji vilivyokwisha kunyang'anywa chakula pamoja na watu wa kubebeshwa mizigo.

Mtu aliyeipa Masasi sura yake katika karne ya 20 ni William Vincent Lucas, aliyefika kabla ya vita hivyo na kuwa askofu wa kwanza mwaka 1926. Sifa yake kubwa inatokana na jando. Kila mwaka wa jando ulipofika, kanisa lilipoteza wavulana wake. Mzazi Mkristo alikuwa na njia mbili: kumpeleka mwanawe kumbini na kutengwa na kanisa, au kumzuia na kumfanya mtoto wa kudumu mbele ya rika lake, asiyeweza kuoa wala kusema barazani. Mapadri Waafrika walilijua tatizo hilo kutoka ndani, maana wao wenyewe walikuwa wana wa koo hizo, na msukumo wao ulikuwa mkubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Jibu lilikuwa jando la Kikristo.

Lilikwenda hivi. Wavulana walikusanywa na kubarikiwa, kisha wakaingia kumbini kama baba zao. Ngariba alikuwapo, na usafi wa vidonda ukaangaliwa kwa dawa za hospitali. Mafundisho ya heshima, ya kazi na ya ukoo yalibaki. Sadaka za mizimu ziliondolewa, na mahali pake pakawekwa sala na msalaba. Siku ya kutoka, wari walioga, wakavaa nguo mpya na kuingia kanisani kwa maandamano, huku mama zao wakipiga vigelegele nje. Wako wamisionari wa sehemu nyingine walioona kuwa Lucas amekwenda mbali mno, na wako wazee wa Kimakua na Kiyao walioona kuwa kanisa limechukua kisicho chake. Upande wa wasichana, unyago, haukuenda kwa wepesi huo, kwa sababu mafundisho yake yalikuwa siri ya wanawake na askofu hakuwa na mlango wa kuingilia. Hata hivyo jando la Masasi lilidumu, na limekuwa mfano unaotajwa mara kwa mara popote yanapozungumzwa mambo ya Ukristo na mila barani Afrika.

Kando ya jando, dayosisi ilijenga shule na hospitali. Chuo cha Mtakatifu Yosefu, Chidya, kililea walimu na makarani wa kusini; Ndwika ilisomesha wasichana. Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alifika Lulindi na kuanza kupasua wagonjwa chini ya paa la nyasi, huku akiwafundisha wauguzi wa hapohapo. Baadaye alihamia Mnero kwa Wakatoliki, akawa mbunge, na kati ya 1975 na 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hospitali ya Mkomaindo, nayo kazi ya misheni, leo ni ya serikali. Shule zilichukuliwa na taifa kwa sheria ya elimu ya 1969, na Chidya na Ndwika zinaendelea kama sekondari za serikali.

Trevor Huddleston, aliyekuwa amekwisha kujulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi akiwa Sophiatown, Afrika Kusini, alikuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Miaka yake iliangukia uhuru, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza Septemba 1964 na kuleta wakimbizi kuvuka Ruvuma, na Azimio la Arusha la 1967, ambalo aliliunga mkono waziwazi. Aliondoka akimpisha Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kuongoza dayosisi hiyo. Chisonga ndiye aliyekuwa kitini misheni ilipotimiza miaka 100 mwaka 1976, wakati watu wa Masasi na Newala walikuwa wametoka kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, wengi wakiacha mikorosho yao mbali na nyumba mpya. Alistaafu mwaka 1983, na kiti kikarudi kwa Mwingereza, Richard Norgate, kabla ya kushikwa na Watanzania hadi sasa.

Mwaka 2009 Newala ilitengwa na kuwa dayosisi inayojitegemea, askofu wake wa kwanza akiwa Oscar Mnung'a. Mahali palipoipa Masasi hifadhi mwaka 1883 sasa pana kiti chake, na historia ya 1876 ina wenyewe wawili. Tangu Steere afike chini ya Mtandi hadi Chisonga akalie kiti cha askofu ilipita miaka 92. Tangu Majaliwa apewe upadri, miaka 78.