Maandamano ya H-Block, 1976–1981

Maandamano ya H-Block yalikuwa harakati za kuwatetea wafungwa wa kijamhuri (waliotaka Ireland iungane) katika majengo yaliyoitwa H-Block ya gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini, na wanawake wenzao wa gereza la Armagh. Chanzo kilikuwa uamuzi wa Uingereza kuwanyima hadhi ya pekee, iliyowatofautisha na wahalifu wa kawaida, waliotiwa hatiani kwa makosa yaliyotendwa baada ya Machi 1, 1976. Wafungwa walikataa sare, wakajifunga blanketi. Mwaka 1978 wakagoma hata kuoga.

Kwa waliokuwa nje, swali gumu lilikuwa waandamane wapi. Belfast na Derry ndiko familia nyingi za wafungwa ziliishi, ila huko kilio kilisikika zaidi na wale ambao tayari walikijua. Dublin kulikuwa na serikali ya Jamhuri ya Ireland iliyoweza kuibana London, tena kulikuwa na ubalozi wa Uingereza. Ubalozi wa awali, Merrion Square, uliteketezwa Februari 2, 1972, baada ya wanajeshi wa Uingereza kuwaua waandamanaji Derry. Julai 18, 1981, polisi waliyazuia maandamano yaliyoelekea ubalozi mpya, Ballsbridge. Zikazuka ghasia, na wengi wakajeruhiwa.

Hata hivyo, sanduku la kura liliitikisa London kuliko barabara yoyote. Bobby Sands, mmoja wa wafungwa wa Maze, alichaguliwa mbunge Aprili 9, 1981, akiwa katika mgomo wa kula. Alifariki Mei 5, siku ya 66 ya mgomo wake. Wenzake 9 walikufa kabla mgomo haujakoma Oktoba 3. Siku 3 baadaye, wafungwa waliruhusiwa kuvaa nguo zao wenyewe.