Vazi la kuogelea lenye kushika kifua

Vazi la kuogelea lenye kushika kifua ni nguo ya kike ya kuogelea iliyoshonwa ili kuzuia matiti yasiyumbe wakati mwogeleaji anapokwenda na kurudi bwawani kwa mazoezi. Wanaolihitaji zaidi ni wanawake wenye matiti makubwa, pamoja na wanaonyonyesha. Katika mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo, vazi hili hutakiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuushika mwili na kuusitiri.

Matiti majini

Titi halina msuli ndani yake. Linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba ziitwazo kano za Cooper, kwa jina la daktari Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza mwaka 1840. Nyuma yake upo msuli mpana wa kifua, ule ule unaofanya kazi kubwa kila mkono unapovuta maji.

Sehemu kubwa ya titi la mtu mzima mara nyingi ni mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo mwogeleaji akiwa amezama hadi mabegani, karibu uzito wote wa matiti hubebwa na maji. Hapo ndipo vazi la kuogelea linapotofautiana na sidiria ya michezo ya nchi kavu. Mkimbiaji anataka titi lisirushwe juu na kuanguka chini kwa kila hatua. Mwogeleaji anataka lisielee juu kuelekea shingoni, wala lisitoke pembeni kwenye kwapa. Mtindo huru na mtindo wa chali huuzungusha mwili kushoto na kulia, na matiti yasiyoshikwa huchelewa nyuma ya mzunguko huo. Mtindo wa chura huinua kifua kila pumzi. Tena, mwogeleaji anapojisukuma kwa miguu kutoka ukutani, shingo ya vazi lililolegea huchota maji kama ndoo, na mwendo aliopata kwa msukumo ule hupungua.

Uzito hurudi pale anapopanda ngazi kutoka bwawani. Wengi hugundua wakati huo kwamba kamba za mabegani zinawakata.

Kuchagua

Kosa la kawaida ni kununua kwa kutazama saizi ya gauni. Mwanamke mwenye kifua kikubwa na kiuno chembamba akichagua vazi linaloenea kifuani, litapwaya tumboni na mgongoni; akichagua la kiuno, matiti yatabanwa na kufurika juu. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: mzunguko wa mbavu chini kabisa ya matiti, mzunguko wa kifua mahali kilipojaa zaidi, na urefu wa kiwiliwili, yaani kutoka begani, kupita mbele na katikati ya miguu, hadi kurudi begani pale pale. Tofauti kati ya vipimo viwili vya kwanza ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kikombe. Katika mitindo mingi ya sidiria, kila sentimita 2.5 hivi huongeza herufi moja.

Kinachobeba kifua hasa ni ukanda wa chini ya matiti, wala si kamba za mabegani. Vazi zuri lina ukanda mpana wa mpira ulioshonwa ndani, bitana imara mbele, shingo iliyo juu na ubavu uliofika karibu na kwapa bila kuuchubua. Kamba pana zinazokutana katikati ya mgongo haziteleziki mabegani na huacha mikono huru. Waya wa chuma unaofaa kwenye sidiria ya kutembelea haupendezi hapa: huchoma mbavu mwili unapojikunja kugeuka, na ukitoboa kitambaa huota kutu. Sponji nene nayo hunywa maji.

Vazi hujaribiwa likiwa kavu, na linapaswa kubana kidogo kwa sababu hulegea likilowa. Anayejaribu anyooshe mikono yote juu, ainame, azungushe mabega, kisha arukeruke. Ikiwa ukanda umepanda juu ya matiti, vazi hilo halifai hata kama linapendeza kwenye kioo.

Kwenye mwambao

Mavazi yenye vipimo vya kikombe ni machache madukani, na mengi hununuliwa kwenye mitumba, ambako mpira mara nyingi umeshachoka kabla nguo haijafika. Njia inayotumika ni kuvaa sidiria ya michezo ya nailoni au poliesta chini ya vazi la kawaida, au kumpelekea fundi cherehani vazi lililoenea kifuani ili apunguze kiuno na kuongeza ukanda. Fundi atumie mshono wa zigizaga, kwani mshono ulionyooka hukatika kitambaa kinapovutwa.

Kwa wanaotaka kujisitiri zaidi lipo vazi la mwili mzima, burkini, lililobuniwa na Aheda Zanetti nchini Australia mwaka 2004. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje ulioanza mwaka 2011 uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya aina hiyo, na wengi wao wasingeruhusiwa kuingia majini bila hayo. Burkini husitiri, lakini peke yake haishiki kifua. Ndani yake bado panahitajika kitu cha kubana. Dera, kanga na fulana ya pamba hunywa maji, huwa nzito na huzonga miguu, na baadhi ya mabwawa huzikataa.

Jambo hili halihusu wanamichezo tu. Huko Mlingotini, Bagamoyo, na Unguja, wanawake wanaolima mwani huingia baharini kila maji ya bamvua yanapokupwa, na joto la bahari limewasukuma baadhi yao kuhamishia kamba zao kwenye maji yenye kina. Mwanamke aliyeacha masomo ya kuogelea kwa aibu au maumivu ya kifua hubaki bila ujuzi huo siku mashua inapopinduka.

Utunzaji

Klorini hula nyuzi za elastini, zile zinazovutika. Poliesta hustahimili zaidi kuliko mchanganyiko wa nailoni na elastini, ingawa huvutika kidogo. Baada ya bwawa au bahari vazi husuuzwa kwa maji matamu, hukamuliwa kwa kubonyezwa bila kusokotwa, na huanikwa kivulini. Kukaa nalo likiwa bichi huleta fangasi chini ya matiti. Michubuko ya hapo na ya kwapani hupunguzwa kwa kupaka mafuta ya mgando kabla ya kuogelea. Kitambaa kinapovutwa kikapitisha mwanga na kisirudi haraka, vazi limekwisha kazi.