Steringi

Wakibishana watu juu ya tamthilia barazani Ole, Pemba, neno halichelewi: “Wewe, steringi hafi!” Asili yake ni Kiingereza, neno lililotangulia jina la mwigizaji mkuu kwenye matangazo ya sinema. Kiswahili kimelichukua na kulipa utu: steringi *anapigana*, si *inapigana*.

Darasani tunatenganisha mhusika, aliyemo hadithini, na mwigizaji, anayemvaa. Steringi huwachanganya wawili hao, na hapo ndipo ubishi unapoota. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sura ya Doudou ilikuwa ya mwigizaji Hai Qing, ulimi wa mtu mwingine. Steringi nani?

Japani swali linazidi uzito. Shirika la NHK limekuwa likirusha tamthilia za asubuhi tangu 1961, nyingi zikiwa za vipande vya dakika 15. Katika mojawapo, *Oshin* ya 1983 hadi 1984, Oshin aliigizwa na Ayako Kobayashi utotoni, Yuko Tanaka ukubwani na Nobuko Otowa uzeeni. Mhusika mmoja, waigizaji watatu, steringi je? Kila mshabiki atamtaja wake.

Kwa hiyo mwandishi wa uhakiki aandike *mhusika mkuu* akimkusudia Oshin, na *mwigizaji mkuu* akimkusudia Tanaka. *Steringi* tuwaachie wa barazani: wao hawatafuti jibu, wanatafuta ubishi.