Uamuzi wa Patasi: Wachonga Milango wa Pwani na Raha ya Kazi

Historia ya milango ya nakshi ya Lamu na Unguja kwa kawaida husimuliwa kutoka upande wa mwenye nyumba. Tunaambiwa kwamba mlango ulikuwa kipimo cha mfuko: kadiri pembe za ndovu na karafuu zilivyotajirisha watu katika karne ya 19, ndivyo miimo ilivyonenepa na njumu za shaba zilivyoongezeka. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanatueleza kwa nini mlango ulinunuliwa, si kwa nini ulichongwa ulivyochongwa. Fedha hununua mbao na siku za kazi. Haimfundishi fundi kupenda anachokifanya. Ninavyoona, raha ya seremala katika kazi ya mkono wake ni miongoni mwa sababu zilizoijenga sanaa hii, na ushahidi wake umo katika mbao zenyewe.

Tuanze na umri wa sanaa hiyo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa kwa uchongaji wake, karne tatu kabla karafuu haijaitajirisha Unguja. Watawala walibadilika na njia za biashara zikahama, lakini ufundi ulibaki, ukirithishwa kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi. Mwishoni mwa karne ya 19, wateja wa Unguja walipotaka upinde juu ya mlango kwa mtindo wa Kihindi badala ya kizingiti kilichonyooka, mafundi waliongeza umbo hilo kwenye yale waliyoyajua. Lakini hata ndani ya mtindo mmoja, milango haifanani. Waridi, yungiyungi, mnyororo, mawimbi na mtende hurudiwa kila mahali, ila upana wa ukingo, kina cha patasi na mpango wa maua kwenye mfaa hutofautiana. Bikari ilichora duara, lakini ugumu wa mvule na mkondo wa nyuzi za ubao vilimlazimu fundi kuamua upya karibu kila alipopiga nyundo. Humo katika kuamua ndimo ilimokaa raha yake.

Atakayepinga atasema tofauti hizo zilitokana na matakwa ya wateja, kila mmoja akitaka kumpita jirani. Pengine, kama nakshi ingeishia barazani. Lakini katika nyumba za Lamu na visiwa jirani iliingia mpaka ndani: kwenye marufaa ya kuwekea msahafu na hata kwenye mbuzi ya kukunia nazi, chombo cha jikoni ambacho mgeni wa heshima hakuwa na haja ya kukiona. Majivuno ya mbele ya watu hayaelezi mbuzi iliyonakshiwa. Shahidi mwingine ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mwandishi wa miswada kwa hati za Kiarabu, na pia mchonga mbao. Kalamu na patasi zilikutana katika mkono mmoja. Ni kweli kwamba alilipwa kwa kazi zake, lakini anayetafuta riziki tu angetosheka na ufundi mmoja unaolipa.

Pingamizi zito zaidi ni la utumwa. Utajiri ulioagiza milango mingi ya Unguja ulitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na hata mjini walikuwapo watumwa waliokodishwa kama vibarua, wakikabidhi sehemu ya ujira wao kwa mabwana. Je, si dhihaka kuzungumzia raha ya kazi katika jamii kama hiyo? Ingekuwa dhihaka endapo raha hiyo ingetumiwa kuisafisha dhuluma. Mtu anaweza kudhulumiwa ujira wake na bado akaridhika na kiungo kilichokaa sawasawa. Kukiri hilo hakumpunguzii bwana lawama hata kidogo. Kunamrudishia mchongaji akili na ladha ambazo simulizi ya matajiri imemnyima. Mlango hutajwa kwa jina la mwenye nyumba, na mara chache sana twalijua jina la aliyeuchonga.

Kuna pia wanaodhani kwamba kusifu kazi ya mkono ni kuikataa mashine. Sivyo. Msumeno wa umeme ukipasua gogo humwondolea fundi kazi ya kuchosha, na hakuna sababu ya kumhurumia kwa hilo. Hasara huanza pale anapokabidhiwa kielelezo kimoja akinakili mara hamsini kwa ajili ya hoteli, kwa kuwa hapo kilichoondolewa ni uamuzi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, hatua iliyosaidia kuyalinda majengo. Ufundi wenyewe haulindwi kwa kuuhifadhi mlango wa zamani peke yake. Unahitaji mteja anayemwachia fundi nafasi ya kubuni, anayekubali kungoja, na anayelipa bei inayomwezesha fundi kufanya kazi bila pupa. Hayo yakikosekana, tutabaki na nakshi nyingi na wachongaji wachache.