Mkaguzi wa Shule na Mwenye Shule

Msomaji, ukisimama juu ya mlima wa Kiambere, katika nchi ya Wambeere, utaona upande mmoja nchi kavu ikiteremka hadi mto Tana, na upande wa pili, mbali sana, utauona Mlima Kenya. Mji wa Embu umejengwa kwenye miteremko ya mlima huo, penye mvua na kahawa, na huko ndiko Waingereza walikoweka boma lao mwaka wa 1906. Basi jiulize: mtu aliyeketi ofisini Embu atajuaje kama mtoto wa Kiambere anafundishwa kama ilivyoagizwa? Swali hili laonekana dogo, lakini watu wamegombana kwa ajili yake miaka mingi.

Yafaa kwanza ujue kwamba kazi ya kukagua shule ilizaliwa na fedha. Uingereza ilianza kutoa fedha za serikali kwa shule za watoto wa maskini mwaka 1833. Baada ya miaka sita ikateua wakaguzi wa kwanza, mwaka 1839, maana atoaye mali hutaka kujua imekwenda wapi. Tangu 1862 shule zililipwa kwa kadiri watoto walivyofaulu mbele ya mkaguzi. Ikawa hasara: walimu wakawakaririsha watoto kitabu kama kasuku ili wapate malipo, na kabla ya karne kwisha mpango huo ukaachwa.

Katika Kenya shule za kwanza za namna hii zilikuwa za misheni. Kigari, karibu na Embu, misheni ilianza 1910, na Idara ya Elimu ya serikali ikaundwa mwaka uliofuata. Sheria ya elimu ya 1924 iliipa serikali mamlaka ya kuzisimamia shule. Mwaka 1925 serikali ya London ikatoa waraka juu ya elimu ya Afrika, ikaagiza kwamba mkaguzi azuru shule mara kwa mara bila haraka, asihukumu kwa mitihani peke yake, tena awe mshauri na rafiki wa mwalimu. Agizo lilikuwa jema. Walakini wakaguzi walikuwa wachache na nchi kubwa, na shule iliyokuwa mbali na barabara ingeweza kukaa muda mrefu isimwone mgeni. Mwaka 1934 zikawekwa Halmashauri za Elimu za Wilaya, ili wilaya zisaidie katika usimamizi.

Wakati huo huo shule za namna nyingine zilikuwa zimetokea. Mwaka 1929 misheni kadhaa ziliwataka wafuasi wao waikane tohara ya wasichana, desturi ambayo sheria ya Kenya imeikataza kabisa tangu 2011. Wazazi wengi walikataa, wakatoka, wakajenga shule zao wenyewe kwa miti, udongo na michango ya senti. Jambo hilo lilianza kwa Wakikuyu, likaenea hadi Embu na Meru. Mwaka 1939 chuo cha walimu kikaanzishwa Githunguri. Hapo swali letu likawa kali. Serikali ilisema, “Mtoto asifundishwe na mtu asiyejua kufundisha.” Wazazi wakajibu, “Shule tumeijenga kwa jasho letu. Wewe uliyetunyima shule, wakagua nini?” Baadhi ya viongozi walikubali kufuata taratibu ya masomo ya serikali na kukaguliwa, wengine walikuwa wagumu zaidi.

Mwaka 1949 kamati ya kasisi Leonard Beecher ilishauri usimamizi uzidishwe, na shule zisizofikia kipimo zisiachwe ziendelee. Usimuone Beecher kuwa hakuwa na hoja. Darasa bila mwalimu aliyefunzwa ni hasara kwa mtoto. Lakini watu waliona mpango wake utawaacha watoto wengi nje baada ya miaka minne tu ya masomo, wakahofu kwamba ukaguzi ni fimbo ya kuvunjia shule zao. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, shule nyingi za kujitegemea zilifungwa, na Githunguri pia. Walioumia zaidi ni watoto, ambao hawakuulizwa neno.

Baada ya uhuru mabishano hayakwisha, ila yaligeuka sura. Sheria ya 1968 ilimruhusu mkaguzi kuingia shuleni wakati wowote, kwa taarifa au bila taarifa. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa, serikali iliahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Angalia basi: fedha ikihesabiwa kwa vichwa, kuna mtu atakayeshawishika kuandika vichwa visivyokuwapo, kwa hiyo mkaguzi hana budi kuhesabu watoto, si karatasi. Sheria ya 2013 iliweka bodi za elimu za kaunti na baraza la kusimamia ubora wa elimu, lakini safari kutoka Embu hadi Kiambere ni ile ile.

Katika haya yote naona mambo mawili. Shule isiyokaguliwa humwibia mtoto bila mtu kujua. Na ukaguzi usioaminiwa na wazazi huonekana kuwa uadui, hata ukiwa na haki. Ndiyo sababu agizo la 1925 lingali na maana: mkaguzi aje mara nyingi, akae, asikilize, amwonyeshe mwalimu njia.

Nawe, msomaji, usidhani kazi hii ni ya wakubwa tu. Jina lako limo katika daftari la mahudhurio. Likisomwa asubuhi, ujue kwamba tarakimu hiyo moja yatoka darasani kwenu hadi Embu, na kutoka Embu hadi Nairobi, na ya kwamba chakula cha haki ya wenzako chategemea iwe kweli.